Gogo la kupamba tangi la samaki: namna ya kulichagua na kuliandaa lisije likaua

Gogo zuri kuliko yote niliyowahi kuokota ndilo lililoniulia samaki. Nililikuta limelala mchangani Pangani, mwishoni mwa masika, limepinda kama kiwiko cha mtu aliyeegemea meza. Rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyokolea, na lilikuwa laini kama limepigwa msasa. Nililiosha, nikalichemsha nusu saa, na jioni ileile nikaliweka kwenye tangi. Asubuhi ya pili juu ya maji palikuwa na utando mwembamba wenye rangi za upinde wa mvua, na samaki wote wamepanda juu wanatweta, midomo imegusa hewa. Kufika adhuhuri, kati ya kumi na wanne walibaki watatu.

Nililirudisha gogo pwani nikamwonyesha mzee mmoja fundi wa majahazi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakuniuliza kitu. Alilikwangua kwa kisu, akalinusa, kisha akanisogezea puani. "Hili ni taruma, mwanangu. Limekunywa sifa tangu mimi sijaoa."

Mataruma ni mbavu za jahazi. Mafundi huyatafuta kwa makusudi katika matawi yaliyopinda yenyewe, na ndiyo maana lile gogo lilikuwa na pindo la kupendeza vile. Sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa chomboni mwaka hadi mwaka ili mbao zisioze, na upande wa chini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Yote hayo yalikuwa yamekaa ndani ya mbao, na mimi nikayafungulia katika lita sitini za maji.

Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza juu ya gogo lolote ni limetoka wapi na limepitia nini. Uzuri wake nautazama baadaye. Mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata swali hilo.

Hatua ya kwanza: anza na samaki ulionao

Gogo lililomo majini hutoa tanini, kitu kilekile kinachoyapa majani ya chai rangi na ukakasi. Maji huwa ya hudhurungi kama chai ya rangi iliyotiwa maji mengi, na hupata uasidi kidogo, yaani kipimo cha pH kinashuka. Kwa samaki wengine hiyo ni neema. Neoni na jamaa zake wa Amazoni, na samaki betta wa Thailandi, asili yao ni maji laini, yaani yasiyo na chokaa nyingi, yenye majani na matawi yaliyooza chini. Ukiwawekea gogo, rangi zao zinakolea na wanaacha kujibana pembeni kwa woga.

Wa kwetu wanaopendwa duniani kote ni kinyume chake. Samaki wa rangirangi wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na wale wa Ziwa Nyasa, maarufu kwa jina la mbuna, wanaishi katikati ya miamba kwenye maji yaliyo juu ya 7.5. Tangi la samaki hawa lijengee mawe. Gogo dogo moja lililolowekwa sana halitawadhuru iwapo maji yako ni magumu, lakini ukijaza magogo matatu manne utakuwa unapigana na maji kila wiki.

Hapa pana jambo la kuwafariji watu wa pwani. Maji ya visima vingi vya Unguja na Mombasa yanapita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa nyingi. Chokaa hiyo huushika uasidi wa gogo, pH isitikisike sana. Rangi ya hudhurungi utaiona, ila kipimo kitakaa palepale. Anayetumia maji ya mvua ndiye wa kuwa mwangalifu, kwa sababu maji ya mvua hayana cha kuuzuia uasidi.

Usiiogope hiyo rangi. Mkungu, ule mti wa kivuli unaomwaga majani mekundu kila mtaa wa pwani, majani yake makavu huuzwa kwa fedha nzuri Ulaya na Marekani kwa ajili ya matangi ya samaki, kwa sababu ya tanini hiyohiyo. Sisi tunayafagia na kuyachoma.

Samaki aina ya goldfish, hasa wale wenye macho yaliyotokeza, wanahitaji gogo lisilo na ncha hata moja. Na ukiwa na yule kambare mlamba kioo kutoka Amerika ya Kusini, gogo kwake ni chakula na nyumba. Hulikwangua usiku, na mchana hujificha chini yake.

Hatua ya pili: mahali pa kulipata

Gogo bora ni lile lililokufa zamani, likakaa majini au juani hadi utomvu na sukari yake vikaisha. Mti mbichi haufai hata ukiuchemsha siku nzima. Utomvu wake ukiingia tangini unalisha bakteria, maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele, bakteria wanamaliza hewa, na samaki wanakosa pumzi. Ukikata tawi leo, lihesabie mwaka mzima wa kukauka kivulini kabla hujaanza hatua yoyote ya hapa.

Kingo za mito ndiko ninakookotea zaidi. Masika yakipungua, mto unaacha kwenye kona zake mizizi na matawi uliyoyasomba kutoka mbali, yamesuguliwa na mchanga njia nzima hadi gome limekwisha. Mizizi ina maumbo mazuri kuliko matawi. Nenda na mwenzako, mchana, na uwaulize wenyeji kabla hujashuka: Rufiji, Ruvu na Pangani kuna mamba, na baadhi ya sehemu viboko. Ukiokota ziwani au kwenye maji yaliyotuama, vaa buti za mpira, kwa sababu konokono wa maji hayo hubeba kichocho. Okota kilichokauka nchi kavu, usiingie majini kukifuata.

Ufukwe wa bahari una magogo mengi kuliko kwingine kote, na ndio wenye mitego mingi. Nitaieleza kwenye hatua ya tatu na ya tano.

Mikoko iache mahali ilipo. Misitu ya mikoko Tanzania na Kenya inalindwa kisheria, na kukata bila kibali ni kosa. Mizizi yake inayoning'inia inatamanisha kweli, najua, lakini samaki wadogo wa bahari wanakulia humo. Vilevile ndani ya hifadhi yoyote usiokote hata kijiti.

Kuhusu aina ya mti, usipoujua kwa jina muulize mtu anayeujua. Mpera uliokufa na kukauka nimeutumia miaka mingi bila shida: ni mgumu, una mapindo, na ukilowa vizuri unazama. Ifuatayo usiiweke:

Mtupa na mnyaa. Jina lenyewe linakuambia. Wazee walivulia samaki kwa utupa, wakiuponda na kuutia kwenye dimbwi hadi samaki wakaelea. Hakuna kuloweka kunakoufanya uwe salama, wala huna sababu ya kujaribu.

Mwarobaini. Uchungu wake huua wadudu shambani, na utaua kamba wadogo na konokono wako.

Mkaratusi, msonobari, mwerezi na mingine yenye harufu kali au ulimbo. Harufu unayoisikia ni mafuta, na mafuta hayo yatatoka polepole miezi na miezi. Mkorosho na mwembe una utomvu unaobabua ngozi ya mtu, sembuse matamvua ya samaki. Mvule nao una kemikali za kujilinda na mchwa, ndiyo maana unadumu kwenye milango.

Mbao yoyote iliyopitia mikononi mwa fundi. Nguzo za umeme na za uzio zimetiwa dawa, nyingi kati yake zina shaba, na shaba kidogo tu inatosha kuua kamba. Vipande vya karakana vina vanishi, rangi au gundi. Hata mabaki ya wachonga vinyago yachunguze, kwa kuwa vinyago vingi hung'arishwa kwa rangi ya viatu.

Ukiwa mjini na huna mto, maduka ya samaki wa mapambo huuza gogo la mopani. Mopani ni mti wa nchi za kusini kwetu: Zambia, Zimbabwe, Botswana, Namibia. Ni mzito, unazama tangu siku ya kwanza, na upande mmoja huwa wa hudhurungi iliyokolea, upande wa pili wa rangi ya mchanga. Kasoro yake ni tanini isiyokwisha upesi. Gogo la dukani nalo lipitishe katika hatua zote zinazofuata. Limekaa ghalani na hujui limewekwa jirani na nini.

Na kama huna fedha za duka, una kifuu cha nazi. Kisafishe ubaki mfupa mtupu, kichemshe mara mbili, kitoboe mlango. Samaki wadogo watakipenda kuliko gogo la bei.

Hatua ya tatu: likague kabla hujalibeba

Fanya ukaguzi huu palepale ulipolikuta, usije ukabeba mzigo wa kutupa.

Lishike kwa ukucha wa kidole gumba na ukandamize. Ukucha ukiingia na kuacha alama ya kina, mti umeoza. Kisha toboa kwa ncha ya kisu sehemu tatu nne, hasa kwenye vifundo na mahali palipogusa ardhi. Kisu kigote. Kikipenya kama kwenye muhogo wa kuchemsha, kuna mfuko wa uozo ndani, na mfuko huo ukikaa chini ya maji bila hewa hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza ambayo ni sumu kwa samaki. Uozo ukiwa ncha moja tu, kata hadi ufike kwenye mti mzima.

Halafu kata kipande kidogo, ukinuse pale palipokatwa upya. Nje ya gogo hakusemi kweli, kwa sababu jua na chumvi vimeshaua harufu. Ndani panapaswa kunuka kuni kavu, au udongo, au kutonuka kabisa. Ukisikia samaki aliyechacha, dizeli, lami, rangi, kitu kama dawa ya kikohozi, au uchungu unaokukaa kooni, liache. Ningefanya hivi tu siku ile Pangani, ningelijua lile taruma.

Kwa magogo ya pwani, tazama pia alama za mkono wa mtu: tundu la msumari lililo mviringo kamili, doa jeusi la kutu, upande mmoja ulionyooka kama uliochongwa kwa tezo, nyuzi za pamba zilizobaki kwenye ufa. Nyuzi hizo ni kalafati, za kuziba nafasi kati ya mbao. Hapo una kipande cha chombo, na chombo kimepakwa mafuta.

Kuna matundu ya aina nyingine yanayohitaji jicho. Gogo lililoelea baharini miezi hutobolewa na wadudu wa majini wanaokula mbao, wale ambao mabaharia wanawaogopa kuliko mwamba. Ukipasua utaona mbao nzima imekuwa kama sega la nyuki, na kila njia imepakwa ndani ukuta mweupe, mgumu, mwembamba kama ganda la yai. Ukuta huo ni chokaa. Kwenye tangi la mbuna si tatizo, utaongeza ugumu wa maji kidogo. Tatizo ni mdudu mwenyewe: akiwa amefia ndani bado ana nyama, na atakuozea tangini. Gogo lenye matundu hayo lichukue iwapo tu limekauka juani miezi mingi na ukiligonga linalia wazi. Vinginevyo gogo na matundu yake vibaki pwani.

Mwisho pima urefu. Tangi la sentimeta 60 kwa 30 kwa 36 lina lita kama 65, na gogo linalolifaa halizidi theluthi mbili za urefu wake. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande wa kioo. Mti ukinywa maji hutanuka, na uliobanwa kati ya vioo viwili unaweza kuvipasua.

Hatua ya nne: kumenya na kusugua

Gome lote litoke. Gome ndilo linalobeba tanini nyingi, ndimo wadudu wanamojificha, na likiachwa litabanduka lenyewe baada ya wiki chache na kuziba mashine ya kuchujia maji. Likigoma, loweka siku mbili tatu kisha limenye kwa kisu butu.

Kata ncha zote kali, halafu pitisha msasa. Namna ya kuhakiki: vaa soksi kuukuu mkononi kama glavu na ulipapase gogo lote. Panaponasa uzi ndipo patakapomchana samaki.

Sugua kwa brashi ngumu na maji matupu, ukiingia kwenye kila ufa. Sabuni usiguse, wala dawa ya kung'arishia nguo. Mti ni kama sifongo. Utakachoutia utaunywa, na utakuja kukitapika siku samaki wako ndani.

Kisha lianike juani wiki mbili au tatu, juu ya bati au mawe, siyo juu ya udongo ambako mchwa watalifuata. Jua linaua konokono na mayai ya wadudu wa maji baridi, na bei yake unaijua.

Hatua ya tano: kuloweka

Hapa ndipo wengi wanapokatisha, na hapa ndipo samaki wanapookolewa. Tumia pipa la plastiki la maji ya kunywa au beseni kubwa. Pipa lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shamba halifai hata kama limeoshwa. Zamisha gogo lote, liwekee jiwe juu lisielee, funika kwa chandarua ili mbu wasitage humo.

Gogo la mtoni: wiki mbili hadi nne. Badili maji kila siku kwa wiki ya kwanza, baadaye kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona rangi inavyopungua, kutoka kahawa, kwenda chai, kwenda chai ya mgonjwa.

Gogo la baharini: usiweke hesabu chini ya wiki sita, na vipande vinene nimewahi kuvikalisha miezi mitatu. Chumvi iliyoingia kwenye kiini cha mti hutoka kwa uvivu sana. Unaweza kubadili maji leo, ukayaona safi, na wiki moja baadaye yakawa na chumvi tena. Kwa hiyo pima baada ya gogo kukaa siku mbili katika maji mapya, si mara tu baada ya kubadili. Wenye kipimo kidogo cha kielektroniki cha kupima vitu vilivyoyeyuka majini watalinganisha maji ya pipa na maji ya bomba. Tarakimu zikikaribiana, chumvi imekwisha.

Asiye na kipimo afanye hivi. Chukua visahani viwili vyeusi. Kimoja tia kijiko cha maji ya pipa, kingine kijiko cha maji yaleyale uliyoyajazia pipa kabla ya gogo kuingia. Viache juani hadi vikauke kabisa. Kama kisahani cha gogo kimebaki na duara jeupe nene na kile kingine kina vumbi jepesi, endelea kuloweka. Usiyaonje, kwa sababu hujui gogo limelala na nini.

Kila unapobadili maji, nusa. Harufu ya kuni zilizolowa si kitu. Harufu inayoongezeka siku hadi siku badala ya kupungua ni gogo la kutupa, hata kama umeshalihudumia mwezi.

Hatua ya sita: kuchemsha

Kuchemsha kunafanya kazi tatu kwa pamoja: kunaua mayai na ukungu, kunavuta tanini kwa haraka, na kunafukuza hewa iliyo ndani ya mti ili uzame. Tafuta sufuria ambayo huipikii chakula tena. Rangi ya gogo huganda kwenye alumini, na hata wewe hutapenda wali wenye ladha ya mto.

Lichemshe saa moja hadi mbili, mwaga, weka maji mapya, rudia. Mara tatu zinatosha kwa gogo nene kama mkono wa mtu mzima. Vijiti vyembamba visizidi nusu saa kwa mara moja, vinalegea. Gogo likitokeza nje ya maji, ligeuze katikati ya muda. Usilikandamize kwa mawe ya mtoni ndani ya maji yanayochemka: jiwe lenye maji ndani yake likipata moto linaweza kupasuka na kuruka. Watoto wawe mbali, kwa kuwa sufuria yenye gogo ni rahisi kupinduka kuliko inavyoonekana.

Mkaa una bei, nalijua hilo. Gogo kubwa kuliko sufuria, au mfuko usioruhusu, liweke kwenye beseni la plastiki nene au karo la saruji, ulimwagie maji yanayochemka hadi lifunikwe, ufunike na gunia hadi yapoe. Fanya hivyo mara tano sita kwa siku tofauti, na uongeze wiki mbili za kuloweka. Kuliweka kwenye tanuri au juu ya makaa ili likauke haraka ni kutafuta moto ndani ya nyumba, tena hakusaidii chochote.

Likishachemshwa liweke kwenye ndoo safi ya maji yaliyolala usiku kucha, uliache humo wiki moja bila kubadili. Huo ndio mtihani wa mwisho. Tazama juu ya maji asubuhi, ukiwa umeinama ili mwanga uje kutoka upande wa pili: hakuna utando wa mafuta, hakuna povu linalokaa ukilitikisa, hakuna harufu ya uozo. Limefaulu.

Hatua ya saba: kulizamisha

Magogo mengi bado yataelea. Ukiwa na muda, liache pipani chini ya jiwe. Miezi miwili mitatu litazama lenyewe. Usipokuwa na muda, tafuta kipande cha jiwe bapa au kigae kisicho na rangi ya kumenyeka, kitoboe, ukifunge chini ya gogo kwa skrubu za stenlesi. Skrubu za kawaida zitashika kutu, na za shaba zitakuulia kamba. Kigae ukikifukia kwa changarawe hakuna atakayekiona.

Kabla ya kutumia jiwe lolote, lidondoshee siki. Likitoa mapovu lina chokaa, na litapandisha pH. Samaki wa Ziwa Tanganyika watakushukuru, neoni hapana.

Likalishe gogo juu ya kioo cha chini kabla ya changarawe, lisimame kwa miguu yake. Samaki wanaochimba wakifukua changarawe chini ya gogo linaloyumba, litaangukia kioo. Sehemu nene iwe chini, na weka gogo pembeni kidogo ya katikati ili samaki wapate uwanja wa kuogelea.

Mimea ya anubiasi, yenye asili ya mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, inapenda kushika kwenye mti na mawe kama inavyofanya kwao. Ifunge kwa uzi wa pamba mweusi juu ya gogo. Shina lake linalotambaa lisifukiwe, litaoza. Uzi utakapooza baada ya miezi, mizizi itakuwa imeshakamata.

Wiki za mwanzo tangini

Siku ya tatu au ya nne utaamka ukute gogo limevaa utando mweupe, laini, kama kamasi au pamba iliyolowa. Watu hupiga simu usiku kwa ajili ya huo utando. Ni bakteria na ukungu wanaokula sukari iliyobaki juu ya mti, hawadhuru samaki, na kwa kawaida hupotea ndani ya wiki mbili hadi sita. Kamba na konokono huula. Ukikukera, toa gogo, lisugue kwa brashi chini ya bomba, lirudishe. Utando ukiwa wa kijivu kinachonuka, au sehemu ile ukiibonyeza inalegea, hapo mti wenyewe unaoza, toa.

Maji yakigeuka rangi kuliko unavyopenda, badili robo ya maji kila wiki, na yale ya bomba uyaache yalale ndooni siku nzima ili klorini itoke. Kama una mashine ya kuchujia, mfuko mdogo wa kaboni ndani yake huondoa rangi hiyo kwa siku chache.

Kwa wiki ya kwanza kaa mbele ya tangi asubuhi kabla hujawasha taa. Samaki wakiwa juu wanatweta, mapezi yameshikana mwilini, au wanajisugua kwenye changarawe, usisubiri kuthibitisha. Toa gogo kwanza, badili nusu ya maji, ongeza hewa, halafu ndipo utafute sababu. Wale watatu wangu walipona kwa sababu jirani yangu, mama wa watu asiyefuga hata kuku, alikuja kuazima chumvi, akawaona, akaniambia, "Mwanangu, mbona hawa wanahema kama waliokimbia?"

Gogo lililoandaliwa hivi linakaa tangini miaka. Kila unapofanya usafi mkubwa, libonyeze kwa kidole gumba kwenye kila upande, kama ulivyofanya siku ya kwanza. Sehemu iliyolainika kijuujuu unaikwangua na maisha yanaendelea. Kidole kikianza kuzama, litoe, ing'oe anubiasi yako taratibu na mizizi yake, ukalitupie chini ya migomba. Nyakati hizo lingine liwe limeshamaliza wiki zake pipani.